Jirani Aliyekwisha Kuhama

"Kufuli ziko mbili," Joha alisema. "Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao Afisa. Mmoja wetu akiwa hayupo, kabati halifunguki, hata aje waziri."

Alikuwa ameufumbata ufunguo wake tangu Inspekta Evodia aingie ofisini. Sasa alikifungua kiganja, na alama nyekundu ya meno ya ufunguo ikaonekana.

Kabati lenyewe lilikuwa la chuma, rangi ya majivu, limesimama kwenye kona ya ofisi ya ustawi chini ya kalenda ya mwaka huo wa 1995. Humo ndimo zilimotunzwa fomu za watoto wote waliolelewa mchana katika vituo vyenye leseni mjini Dodoma. Zamani vituo vilikuwa viwili tu. Tangu watu binafsi waruhusiwe kuvifungua, vilikuwa vimefika kumi na tisa, na kila mtoto aliyepokelewa ilikuwa lazima ajaziwe fomu: jina la baba, jina la mama, kazi zao, anwani zao, maradhi ya mtoto, na jina la mtu mmoja tu, mbali na mama, aliyeruhusiwa kumchukua jioni.

"Nani ameisoma fomu ya Lydia tangu iingie humu?"

Joha alisukuma daftari jembamba juu ya meza. "Kila tukifungua tunaandika. Soma mwenyewe, afande."

Evodia alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kabati lilikuwa limefunguliwa mara kumi na moja tangu Februari. Kila mara sahihi zilikuwa mbili, na jalada la kituo cha Mwalimu Anyesi cha Makole halikutolewa hata mara moja.

"Daftari hili unaliandika wewe."

"Na Afisa anatia sahihi. Muulize, chumba chake hicho hapo."

Evodia alikuwa ameshamuuliza. Alifunga daftari. "Mama yake Lydia, Frida, anasema una wivu naye."

Joha alicheka kidogo, kisha akaacha. "Hajakudanganya. Tulifanya usaili siku moja, kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi za Bunge. Mimi maneno hamsini na tano kwa dakika, yeye arobaini na nane. Wakamchukua yeye. Leo anapita hapa na viatu vya visigino, mimi nimebaki na kabati. Nikimwona roho inaniuma, afande. Inaniuma kweli. Lakini mtoto wake sijamgusa. Kama ni kumkomoa, nilishamkomoa siku ya kwanza."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimrudishia fomu. Balozi wake wa nyumba kumi alikuwa ameigonga muhuri wa chama, kama enzi zile chama kilipokuwa kimoja na balozi ndiye serikali. Siku hizi balozi anatia sahihi tu kwamba anamfahamu mzazi. Muhuri unagongwa na mtendaji wa kata. Nikampa fomu mpya, akaanze upya. Alinuna huyo!"

"Ile ya kwanza uliisoma?"

"Niliona muhuri, nikaisukuma. Foleni ilikuwa imefika mlangoni."

Afisa aliitwa, kufuli zote mbili zikafunguliwa, na Evodia akainakili fomu ya Lydia kwa mkono, neno kwa neno. Kwenye nafasi ya mwisho palikuwa pameandikwa: *Anastazia, msichana wa kazi.*

* * *

Kituo cha Mwalimu Anyesi kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye uzio wa michongoma. Watoto arobaini walikuwa wamelala kwenye mikeka. Mmoja tu alikuwa macho: Lydia, miaka minne, amekaa mapajani mwa mama yake kwenye kibaraza, amemshika kidole gumba. Frida alikuwa bado na nguo za ofisini. Kifundo cha mkono wake wa kushoto hakikunyooka. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya.

"Mwalimu," Evodia alisema, "nisimulie tena habari ya Jumatano. Nipe maneno yake yale yale."

Anyesi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha chumba kizima. "Alikuja saa tano. Shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa. Akaniamkia vizuri kabisa. Akasema, 'Mimi ni baba yake Lydia. Mama yake amepata dharura kazini. Restuta, yule jirani anayemchukua siku zote, leo hawezi, ndiyo nimekuja mwenyewe.' Hapo nikashtuka."

"Kwa nini?"

"Restuta ndiye nani? Mimi namjua Anastazia. Nikamwambia, baba, subiri nimwite mlinzi. Akaondoka. Lakini alipofika pale kwenye michongoma akaita, 'Lydia! Baba amekuja!' Mtoto alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini taratibu, akaingia chini ya meza. Tulimtoa saa saba."

Frida alimziba mtoto masikio, akiwa amechelewa. "Afande, tiketi ninayo. Kesho asubuhi napanda basi. Kazi nimeiacha, iende tu."

"Unakwenda wapi?"

"Asikokujua Ludovick. Hakimu wa Manyoni alinipa mtoto, akamkataza asitukaribie. Nilihamia huku, nikabadilisha kanisa, hata dada yangu sikumwandikia. Jina la yule mtu na anwani yake nimeviandika mahali pamoja tu, kwenye fomu ya serikali, kwa sababu chini pameandikwa kwamba isiyojazwa yote haipokelewi. Kumbe ndiko alikotokea." Sauti yake ilianza kupanda, akaishusha kwa ajili ya mtoto. "Huyu mwanamume alikuwa ananihesabia dakika nikienda bombani. Ananusa khanga yangu nikirudi. Siku foleni ilipokuwa ndefu alinivunja huu mkono, akasema foleni ina jina, nimtajie. Kama huku kuna mtu anampa habari, nikae nikisubiri nini?"

"Nipe mpaka jioni."

"Na jioni ikifika?"

"Kama sijampata, nitakupeleka kituo cha basi mwenyewe." Evodia alifunua ukurasa. "Restuta ni nani?"

Frida alikunja uso. "Alikuwa amepanga chumba cha pili na changu. Alipata nafasi chuoni Hombolo, akahama kabla Lydia hajaanza hapa. Hajawahi kumchukua hata siku moja."

"Basi Ludovick alilipata wapi jina lake?"

 Anyesi alimtazama Frida, Frida akamtazama Evodia.

"Niliwahi kuliandika," Frida alisema. "Kwenye fomu ya kwanza, ile aliyonirudishia Joha. Nilipojaza ya pili Restuta alikuwa anafungasha, nikamweka Anastazia."

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Niliichana vipande, nikawashia jiko."

Evodia alisimama. "Basi Joha hayumo."

"Mbona? Zote mbili zilipita mikononi mwake!"

"Ndiyo sababu. Angekuwa yeye, angempa jina la Anastazia, na Jumatano Mwalimu angemtoa mtoto. Aliyempasha Ludovick habari aliisoma fomu ya kwanza, ya pili hakuiona. Hajui kwamba Restuta amehama. Kabla hujaifikisha kwa Joha, fomu ya kwanza ilipita wapi?"

"Kwa balozi, mzee Luka. Ililala kwake usiku mmoja." Frida alitikisa kichwa. "Lakini yule ni mzee wa watu. Alikuwa ananichekea tu."

* * *

Mzee Luka aliwapokea Evodia na Koplo Henry uani kwake kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa!", akawatolea vigoda viwili. Mkewe, Ruthu, alikuwa akichambua karanga kwenye ungo. Hakuinuka. Alimtazama Evodia kuanzia viatu mpaka hereni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mumeo anajua umekuja hapa?"

"Mke wangu, huyu ni askari!" Luka alisema.

"Askari hawana macho?"

Henry aligeuka akatazama kuku. Evodia alikaa. "Mzee, nimekuja kwa ajili ya karatasi za watu unazotia sahihi. Unazisoma?"

"Nasomewa. Miwani yangu ilivunjika Januari, na ya kununua ni mpaka zabibu zitoke. Mama huyu ananisomea, mimi naweka sahihi. Mambo ya watu hayatoki humu."

"Ile ya Frida alikusomea?"

"Alinisomea."

"Zote mbili?"

Luka alijikuna shingo. Ruthu ndiye aliyejibu. "Moja. Ya pili hakuniita. Alitia sahihi hapo hapo ulipokaa wewe, karatasi juu ya goti, kipofu huyu, kalamu inakwenda inakotaka. Muulize kwa nini."

"Ulikuwa na kazi jikoni."

"Kazi jikoni! Miaka ishirini na sita nina kazi jikoni na unaniita!" Alimgeukia Evodia. "Yule mwanamke alikuja mara nne. Ya kwanza na kitenge. Ya pili na sketi ya ofisini. Ya tatu akaambiwa njoo kesho, eti kalamu imeisha wino. Kalamu! Kopo lile pale dirishani lina kalamu tatu. Ya nne mzee mwenyewe kavaa shati la kanisani. Siku ya Alhamisi! Alhamisi kuna ibada gani?"

Luka aliitazama miguu yake. 

"Mzee," Evodia alisema, "kalamu ilikuwa imeisha wino?"

"Haikuisha," Luka alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anaongea vizuri. Hapa hawaji watu wa kuongea vizuri."

Mkono wa Ruthu ulisimama katikati ya ungo, kisha ukaendelea, haraka kuliko mwanzo.

"Naomba nilione daftari la nyumba kumi."

Luka aliingia ndani, akatoka nalo mwenyewe. Lilikuwa halifungiwi popote. Kwenye rafu ya jikoni lilikaa kati ya kopo la chumvi na Biblia, na jalada lake lilikuwa na doa la mafuta. Evodia alifunua mpaka Februari. Mwandiko ulikuwa wa duara, wa mtu aliyejifunza vizuri na kuandika kwa nadra.

*Frida, mpiga chapa. Mtoto Lydia, kituo cha Mwl. Anyesi. Mume Ludovick, fundi seremala, Manyoni, sanduku la barua la misheni. Mchukuaji mtoto: jirani Restuta.*

Alimpa Henry asome. Henry alisoma, akamrudishia.

"Mwandiko huu ni wako, mama?"

"Wa nani tena? Balozi anatakiwa awajue watu wake. Kila karatasi inayopita naingiza humu."

"Na barua ya Manyoni uliiandika lini?"

Ruthu hakuuliza barua gani. Alizipeta karanga mara mbili, maganda yakaruka, akaweka ungo chini.

"Machi," alisema. "Nilikaa nalo moyoni mwezi mzima, likanishinda. Mwanamke ana mume wake, mume mzima, fundi, kaandikwa na anwani yake. Kwa nini azurure na karatasi kwa waume za watu? Nikamwandikia yule bwana, njoo umchukue mkeo. Mtoto wako yuko mahali fulani, anayemchukua ni fulani. Nimemrudishia mtu mke wake, afande. Hilo nalo ni kosa?"

"Ruthu," Luka alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina.

"Wewe nyamaza na shati lako."

"Mama," Evodia alisema, "ule mkono wake wa kushoto uliuona?"

"Nilimwona mzima. Sikuangalia mikono."

"Mumewe aliuvunja kwa sababu alichelewa bombani. Hakimu alimkataza asimsogelee. Frida alikuwa amejificha."

Ruthu alimtazama Evodia, kisha daftari lililokuwa magotini mwake, kama kwamba mstari mwingine ungeweza kujitokeza pale.

"Hilo halikuandikwa kwenye fomu," alisema.

"Fomu haina nafasi yake."

Kuku waliokota karanga zilizoanguka, na hakuna aliyewafukuza. Ruthu alijifunga upya khanga ya kiunoni. Alipozungumza tena, makali yalikuwa yamepungua.

"Alikuja jana, mzee akiwa shambani. Akasema kituoni wamemkatalia, nimwonyeshe anapolala mkewe. Nilikuwa na watu wa jumuiya, nikamwambia kesho saa nane, Kizota, penye mashine ya kusaga. Kafikia kwa fundi mwenzake kule."

Henry alitazama saa yake. "Saa saba na nusu."

"Utakwenda, mama," Evodia alisema. "Umsalimie tu, usiende naye popote. Sisi tutakuwa hapo hapo. Baadaye utaandika maelezo kituoni kuhusu barua na daftari."

Ruthu aliuokota ungo. "Huyo Frida. Mkimkamata mumewe, atabaki hapa mjini?"

"Atabaki."

"Basi karatasi zake aniletee mimi. Mkononi mwangu."

"Hazitaletwa hapa tena. Nitamwambia mtendaji wa kata amshughulikie mwenyewe."

"Hata ya kuomba kiwanja?"

"Hata hiyo."

Ruthu alimtazama mumewe, aone kama amesikia. Alikuwa amesikia. Ndipo akaingia ndani kuchukua kitambaa cha kichwani.

* * *

Mashine ya kusaga ya Kizota ilikuwa katikati ya karakana za kuchomelea vyuma, na kelele zake zilifanya kila mtu aongee kwa kupaza sauti. Vumbi la unga lilikuwa limeupaka ukuta weupe. Evodia alipanga foleni na ndoo ya mahindi kichwani. Henry alijikalia juu ya gunia, kofia imeshuka machoni, kama mteja aliyechoka kusubiri. Ruthu alisimama penye mlango, peke yake.

Saa nane na dakika tano alitokea mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi, mfuko wa turubai begani. Alimwinamia Ruthu kidogo kama mtu anayemwamkia mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nyumba iko mbali?"

"Si mbali."

"Kuna mwanamume ndani?"

"Sijui."

"Lazima yumo. Uliandika anapita kwa waume za watu."

"Niliandika," Ruthu alisema.

"Ile mara ya pili, sketi ilikuwa ya rangi gani? Hukuandika rangi." Ludovick alikuwa amesogea karibu, ili asipitwe na neno katika zile kelele. "Na manukato? Alikuwa anajipaka? Akicheka, anafunika mdomo au anaacha meno yote nje? Kwangu alikuwa anafunika. Na mzee alipomwambia arudi kesho, alikasirika au alifurahi? Mimi nimewaza sana hapo. Nafikiri alifurahi. Wewe ulikuwepo, mama, uliona. Alifurahi?"

Ruthu alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta wa unga.

Henry aliinuka kwenye gunia. Evodia alitua ndoo. Ludovick hakukimbia, alizitazama pingu alizofungwa mikononi kama kazi ya fundi mwingine, akihakiki. Evodia alimsomea amri ya hakimu wa Manyoni aliyoivunja siku ya Jumatano, akaupekua mfuko juu ya gunia mbele ya watu wawili wa foleni waliokubali kuwa mashahidi.

Mlikuwa na viatu vyekundu vya mtoto, vipya, vya kumtosha mtoto wa miaka miwili. Mlikuwa na patasi iliyonolewa, imezungushiwa kitambaa. Na mlikuwa na barua, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo ikaanza kutoboka. Evodia aliifungua. Habari za kituo, za mtoto na za jirani Restuta zilikuwa safi, hazikuguswa. Lakini kitenge kilikuwa kimepigiwa mstari kwa penseli nene ya seremala, na sketi, na ile kalamu, na shati la kanisani. Baadhi ya maneno yalipigiwa mistari mitatu mitatu, mpaka karatasi ikachanika.

Ruthu alikuwa amesogea akachungulia begani kwa Evodia. Aliona mwandiko wake.

"Nani mwingine unashirikiana naye hapa mjini?" Henry alimuuliza Ludovick.

"Hakuna. Na mama huyu msimsumbue." Ludovick alimgeukia Ruthu, uso umelainika, kama mtu anayemuaga ndugu stendi. "Manyoni nzima waliniita kichaa. Kaka zangu, mchungaji, hakimu. Nilipoisoma hii barua nililia. Nikasema, kumbe yupo mtu duniani mwenye moyo kama wangu."

Mashine ilizimwa wakati huo huo, na maneno ya mwisho yalisikika foleni nzima.

"Henry," Evodia alisema, "mkimfikisha kituoni, pitia kwa Mwalimu Anyesi. Mwambie Frida akairudishe tiketi." Aliufungua mlango wa nyuma wa Landrova. Ludovick alipanda, akajisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi kando yake.

"Panda, mama," Henry alisema. "Tunakwenda huko huko kuandika maelezo."

Ruthu aliitazama ile nafasi. Mgongo wake wote ulikuwa mweupe kwa unga.

"Nitatembea," alisema.

"Kutoka Kizota? Kwa jua hili?"

Alikuwa ameshashika njia. Landrova ilimpita karibu na reli, na Evodia, aliyekaa mbele, alimwona amegeuza uso upande wa pili mpaka gari likapotea.